Baba anafukia madaftari ya wajukuu usiku

Shikamoo anti. Naomba usinitaje jina wala mtaa, Tabora hii watu tunajuana na mimi nina kaduka ka vyombo, sitaki wateja waje kununua sufuria huku wananiangalia usoni. Nina miaka 38, watoto watatu, mume wangu ni dereva wa basi siku nyingi yuko safarini kwaiyo haya ninayokuandikia nayabeba mwenyewe.

Ni kuhusu baba yangu mzazi. Ana miaka 70 na kidogo, amekuja kukaa kwangu mwaka jana baada ya mama kufariki. Kabla ya hapo maisha yake yote ya Tanzania ni Ulyankulu, kule makazi ya wakimbizi, analima tumbaku na mahindi na ana mizinga yake ya nyuki. Mtu wa kazi anti, yaani mimi sijawahi kumwona baba amekaa bure, ata Jumapili akitoka kanisani anavua shati anachukua jembe. Ni Mrundi wa 1972 kama wazee wengi wa kule. Uraia tulipata 2014, cheti chake amekiweka kwenye mfuko wa nailoni na mpaka leo analala nacho chini ya mto. Mambo ya Burundi hajawahi kutusimulia. Ukimuuliza baba mlitokaje huko anakujibu tulitoka, basi, anainuka anaenda kuangalia mizinga.

Sasa nyumba yangu iko karibu na barabara, na kama miezi mitatu iliyopita maroli ya kifusi yakaanza kupita usiku, saa saba saa nane hivi, mfululizo. Ndo hapo balaa lilipoanza. Mwanzo alikuwa anaamka tu anakaa kitandani nikadhani ni uzee, wazee hawalali sana. Baadae akawa anakuja kuzima taa ya nje, anatuambia tunyamaze, anasema baraje, baraje, kwa Kirundi yaani wamekuja. Siku moja nimeamka sioni mtoto wangu wa mwisho kitandani, ana miaka sita, nimetafuta mpaka nimechanganyikiwa, nikawakuta stoo nyuma ya magunia, baba amempakata na amemziba mdomo kwa kiganja, wote wawili wanatetemeka. Nilipomshika bega baba akanirukia. Hajawahi kunipiga anti tangu nizaliwe. Usiku ule alinipiga na kiwiko na nadhani hakujua ni mimi.

Alafu madaftari. Watoto asubuhi wanatafuta mabegi ya shule hawayaoni, nikawagombeza wao, kumbe babu ameenda kuyafukia nyuma ya choo pamoja na sare za mkubwa ambaye yuko form one. Tukafukua, tukafua, baada ya wiki akafukia tena. Nikamuuliza baba kwa nini unafanya hivi, shule zenyewe nalipia michango kwa shida, akaniangalia kama mimi ndo mjinga akasema "utawaponza".

Kaka yangu mkubwa ndo anasema baba kachanganyikiwa apelekwe Milembe, hospitali ya vichaa. Mara mbili alipokuja kulala kwangu alimfunga mikono na kamba mpaka asubuhi eti asijiumize. Ni yeye pia aliyenunua vidonge vya usingizi duka la dawa, dayazepamu, baba amekunywa kila usiku sasa ni wiki ya tano, siku za kwanza alilala kama gogo ila sasa hivi ata mchana anayumba, juzi ameanguka bafuni. Baba mdogo yeye anasema ni roho za waliokufa, anataka tumpeleke kwenye maombi ya mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji. Jirani nae ana mganga wake wa Sikonge. Kila mtu ana la kusema ila usiku niko peke yangu.

Kitu kingine ambacho sijui kama kina maana. Kuna mzee mmoja rafiki yake baba wa Ulyankulu alikuja kumjulia hali, wakati namsindikiza akaniambia baba yako alikuwa mwanafunzi, alikuwa anasomea ualimu, shule yao majina yalisomwa kwa orodha. Akaishia hapo. Anti mimi sijawahi kujua kama baba alikanyaga ata darasa, maana sisi tumekua tunajua hajui kusoma, na kaka yangu alipofaulu darasa la saba baba ndo aliyemkatalia kwenda sekondari, alisema ukisoma sana utaitwa wa kwanza. Kaka mpaka leo hajamsamehe. Mimi nilisoma kwa sababu mama alinitorosha kwa mjomba.

Je baba ni kichaa? Nimpeleke wapi? Na watoto wangu je, wako salama kulala nae nyumba moja? Nimechoka anti, ata dukani nasinzia nikiwa na mteja.

*

Marahaba mwanangu. Kabla sijasema lingine lolote, ile kamba itoke ndani ya nyumba leo. Kaka yako nadhani aliogopa, na mtu mzima akiogopa anashika kilicho karibu, ila hebu fikiria mzee anayeona usiku wanaume wamekuja kumchukua, na kweli anakuja mwanaume anamfunga mikono. Umemthibitishia. Kesho yake hatakuwa na sababu hata moja ya kuamini kwamba yuko Tabora.

Nilikuwa nesi wa afya ya akili kwa miaka mingi, na kipande cha miaka hiyo nilikula vumbi la Kibondo, kwenye makambi yaliyojaa baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993. Wako wengi niliowaona wa aina ya baba yako. Alikuwepo mama mmoja halali mpaka alale mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, na wenzake wakamwita mchawi. Hakuwa mchawi, alikuwa anataka kuwa wa kwanza kusikia.

Sasa nikupe nilichokiona mimi kwenye barua yako, maana nadhani jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Mwaka 1972, tarehe 29 Aprili, waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi, kule Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua watu, Watutsi wengi wasio na hatia. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, na walioanza kutafutwa ni waliosoma au wanaosoma. Walimu, makarani, manesi, wanafunzi wa sekondari na vyuo. Watu waliitwa kwa majina, wengine wakiwa darasani, wakapandishwa kwenye maroli na hawakurudi. Hesabu za waliokufa zinatofautiana, wengi wanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi wenyewe wanauita mwaka ule Ikiza, yaani janga.

Rudia kusoma barua yako sasa. Roli usiku. Orodha. Daftari na sare, ambavyo kwa kijana wa miaka 17 au 18 anayesomea ualimu ndivyo vilikuwa ushahidi wa kumpeleka kaburini. Mwenye akili siku zile alitupa kalamu, akafukia madaftari, akasema mimi mkulima tu sijui a wala be. Baba yako huenda aliponea hapo hapo kwenye kujifanya hajui kusoma, na akaendelea kujifanya miaka 50 na ushee, kwa nyie watoto wake pia. Sina uhakika wa kila kipande, mwenye uhakika ni yeye, ila mtu anayefukia madaftari ya wajukuu usiku ule roli linapopita hafanyi mambo ovyo ovyo. Anawaficha. "Utawaponza" alimaanisha hivyo hivyo ulivyosikia.

Hali hii tunaiita kiwewe. Kumbukumbu ya kawaida, hata ikiwa mbaya, inajua kwamba imepita, unailia halafu unaendelea kupika. Ya kiwewe haijui. Ikiguswa na mlio au harufu mwili mzima unarudi siku ile, moyo unakwenda mbio, masikio yanasimama, na mtu anapigana na anayemshika bega. Ndiyo maana alikupiga na hakukujua. Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu mwaka 2019 likasema kwa watu wa maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, kama mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la akili la namna fulani, kuanzia sonona na wasiwasi mpaka kiwewe na magonjwa makubwa. Kwa hiyo baba hayuko peke yake, wala si kichaa kwa maana wanayoitumia watu mtaani. Na kule Ulyankulu, Mishamo na Katumba wazee wa aina yake wapo wengi tu, wanakaa kimya na nyuki zao.

Utaniuliza kwa nini sasa na si miaka 30 iliyopita. Jembe lilikuwa dawa yake mwanangu. Mtu aliyechoka mpaka mifupa analala. Umemtoa kwenye shamba umemleta mjini hana kazi ya mikono, mke amekufa, na si ajabu mama yenu ndiye aliyekuwa anamwamsha usiku na kumwambia tulia, hakuna mtu, huku nyie watoto mmelala fofofo hamjui kitu. Halafu na uzee wenyewe, kumbukumbu za juzi zinalegea na za ujanani zinakuja mbele. Juu ya hayo yote maroli. Mimi nisingeshangaa hata angeanza mapema zaidi.

Lakini nisije nikakudanganya kwa kupenda hadithi yangu. Mzee akibadilika ndani ya miezi, au siku nyingine yuko sawa nyingine hajui yuko wapi, kwanza tunatazama mwili. Malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kupanda, presha, damu pungufu, hivi vyote vinaweza kumfanya mzee aone watu wasiokuwepo. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni nao unaweza kuwa umeanza pembeni ya kiwewe, viwili vikakaa kichwa kimoja. Na ameanguka bafuni. Kama aligonga kichwa, au tangu siku ile analala sana, anatapika, kichwa kinamuuma, anavuta mguu, usisubiri niliyoandika hapa chini, nenda leo.

Na zile dayazepamu. Mtu akiwa na kiwewe hizi hazimtibu, zinamzima tu, na kwa mzee ni balaa zaidi, zinamwangusha na zinamchanganya kichwa hata mchana, kama unavyoona. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaonya zisitolewe ovyo kwa watu waliotoka kwenye matukio ya kutisha. Ila sikiliza, wiki tano ni nyingi, mwili umeshazizoea. Usizitupe chooni leo usiku kwa hasira. Zikikatwa ghafla zinaweza kuleta tetemeko, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Beba kipakiti uende nacho, daktari atazipunguza kidogo kidogo. Muuza duka aliyezitoa bila cheti mwambie kaka yako asirudi kwake.

Pa kwenda ni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Milembe ipo na ina kazi yake, iko Dodoma tangu 1927, ila si mlango wa kwanza, na ukitamka jina hilo mbele ya mzee ujue anasikia "tumekutupa". Hospitali za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Baba ana zaidi ya miaka 60, kwa sera yetu mzee asiyejiweza anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee na kitambulisho chake, kama hana pitia kwa mtendaji au ofisa ustawi wa jamii. Utazungushwa kidogo, sikufichi. Nenda asubuhi mapema na chai kwenye chupa.

Usimwambie tunakupeleka kwa daktari wa vichaa. Mwambie baba umeanguka, tunataka waangalie kuanguka huko na usingizi. Ni kweli, si uongo, umeanguka na hulali. Na wewe andika kwenye daftari (haya, tafuta moja ambalo halijafukiwa) saa anayoamka, anasema nini, amekula nini, amekunywa vidonge vingapi, aliangukaje. Daktari ana foleni nje, ukimpa karatasi yenye tarehe na saa atakusikiliza zaidi kuliko ukianza na kulia, ingawa kulia nako ruksa. Mwambie neno kwa neno, "baba ni mkimbizi wa 1972 na roli likipita usiku anaficha watoto". Usipolisema hilo wataandika uzee.

Wanaweza kumpa dawa. Zipo za sonona na wasiwasi ambazo zinasaidia na kiwewe, kama fluoxetini au setralini, hazilevyi, ila hazifanyi kazi siku hiyo hiyo, zinataka wiki 2 mpaka 6, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosea, wiki ya kwanza haoni nafuu wanaacha. Kwa mzee wanaanza na kidogo. Hilo ni la daktari, mimi si wa kukuandikia dozi.

Ipo na tiba ya mazungumzo. Usije ukafikiri ni mambo ya Wazungu wenye makochi. Kwenye kambi ya Nakivale kule Uganda ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa wiki chache tu, na watu walipata nafuu. Wanatandaza kamba chini, kamba ndiyo maisha yako toka kuzaliwa, unaweka ua pale palipokuwa na jema na jiwe pale palipokuwa na baya, halafu kwa vikao kadhaa mnapita jiwe kwa jiwe, polepole, mpaka jiwe lijue liko mwaka gani. Mwenzio nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, kamba na maua kama watoto wa chekechea. Sikucheka mara ya pili. Ulizia Kitete kama wana mtu wa saikolojia. Lakini usijaribu mwenyewe sebuleni! Mzee hasukumwi kusimulia. Kumkalisha mtu chini ukamwambia toa yote leo utapona, hilo limepimwa na halisaidii, linaweza hata kumzidishia. Akianza mwenyewe, sikiliza, usimkatize kwa "pole yameisha", usimuulize na idadi. Akinyamaza, endelea kuchambua mchele.

Usiku wenyewe fanya hivi. Kama kuna chumba cha upande wa pili wa nyumba mhamishie huko, hata kama ni chumba chako. Acha kataa kadogo kanawaka ndani. Kahawa na chai ya rangi baada ya saa kumi jioni hapana. Panga na jembe vilale kwa jirani. Roli likipita akiamka, usimguse kwanza, na usije kwa nyuma. Simama anapokuona, sema kwa sauti ya kawaida jina lako, "Baba ni mimi binti yako, hapa ni Tabora, mama alituzaa Ulyankulu, hilo ni roli la kifusi." Rudia. Usibishane naye kwamba hakuna wanajeshi, na usikubali kwamba wapo. Mpe kitu mkononi, kikombe cha maji baridi, kitambaa kibichi, hata ile asali yake alambe kijiko. Mwili unaporudi kwenye ulimi unarudi na Tabora. Na cheti chake cha uraia kiache chini ya mto. Akitaka kukishika saa nane usiku mwache akishike, mtu aliyekaa ugenini miaka 42 kabla ya kupewa karatasi ana haki ya kulala nayo.

Watoto. Umeuliza kama wako salama. Kwa sasa wasilale chumba kimoja na babu, mlango wa stoo uwe na kufuli, na yule mdogo aliyezibwa mdomo alale na wewe. Si kwa sababu babu ni mbaya, ni kwa sababu gizani hawezi kujua ana nguvu kiasi gani. Waambie ukweli kwa kipimo chao: babu alipokuwa kijana watu wabaya walikuja na roli usiku, sasa akisikia roli anafikiri wamerudi, anataka kuwaficha msiumie. Mtoto wa miaka sita anaelewa hilo vizuri kuliko "babu anaumwa kichwa". Na kwa madaftari mimi ningefanya hivi, sijui wenzangu wa kliniki watasemaje. Nunua sanduku la bati lenye kufuli, kila jioni watoto waweke humo madaftari na sare mbele yake, ufunguo akae nao babu, asubuhi wakamwombe afungue. Amepewa ulinzi, na hana tena haja ya kuchimba nyuma ya choo. Tiba ikianza kushika utaona mwenyewe ufunguo umesahaulika dirishani.

Kwa baba mdogo na maombi yake. Waje, waimbe, wamwekee mikono kama mwenyewe anataka, mzee wa kanisa kuombewa na watu wake ni nafuu kubwa. Mfungo bila maji kwa mzee wa miaka 70 anayeyumba, hapana, kataa kabisa, na kama wakikuita huna imani waambie nesi mmoja mzee amesema lawama zije kwangu. Mganga wa Sikonge mwache na wateja wake.

Nimeacha kaka yako mwishoni maana ndiye aliyenikaa moyoni. Alifaulu, akakatazwa, akaona mdogo wake anasoma. Nadhani ile kamba haikufungwa na woga peke yake. Mwonyeshe barua hii. Mwambie alichokuambia yule mzee, orodha, ualimu, vyote. Baba yake hakumkatalia kwa sababu alimwona mjinga au kwa sababu alitaka mikono ya kulima tumbaku, alimwona ni mtoto wa kwanza, mwenye akili, na kwa macho yake mtoto wa namna hiyo ndiye anayeitwa wa kwanza kupanda roli. Hilo halimrudishii sekondari yake. Hasira yake ni ya haki na asiambiwe asamehe, ukimlazimisha ataondoka. Ila anaweza kukaa na hasira yake na bado akaja kulala kwako siku mbili kwa wiki wewe upate usingizi. Hilo muombe waziwazi, siku gani na siku gani, usiseme "unisaidie" hivi hivi. Baba mdogo naye apewe zamu, kama ana nguvu za kufunga siku tatu ana nguvu za kukesha usiku mmoja.

Baba akianza kusema heri nife, akikataa chakula, au akitoka nje usiku na kitu cha kukata, usingoje tarehe ya kliniki, beba siku hiyo hiyo.

Na yule rafiki yake wa Ulyankulu, mtafute. Mlipie nauli aje akae naye hata Jumapili moja, chini ya mwembe, wala usikae karibu kuwasikiliza. Wapelekee karanga tu urudi dukani. Halafu niandikie, niambie Kitete walikupa tarehe gani ya kurudi na kama kaka alikuja zamu yake ya kwanza.